Consolée Anaonekana Lubarika

Habari ilimkuta Basile amekaa mbele ya mlango wake kule Nyamianda, anakwangua kutu kwenye bati moja ambalo mto ulimwachia. Aliyeileta ni Félicité, yule wanayemwita Mama Luc, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya mama wa parokia. Alikuwa anatoka Lubarika kununua mchele, na mfuko ulikuwa bado kichwani. Hakuutua. Alisimama hivyo hivyo na mzigo wake, akasema:

“Papa Evariste, minye nimeona jina ya Consolée kule Lubarika.”

Basile hakuinua macho. Alidhani ni mtoto gani tena amezaliwa na kupewa jina la marehemu. Consolée, mke wake, alikuwa mtu wa kule kwenye uwanda wa Ruzizi, na kwao majina hayalali njaa, la marehemu hupata mtoto upesi. Lakini Félicité alichomoa simu kwenye mkunjo wa kitenge, akamnyooshea.

“Iko humu. Ndani ya telefone.”

Akaeleza vizuri. Alipokuwa anapumzika kwenye uzio wa Ninahazwe, dada mkubwa wa Consolée, simu yake iliita mara moja, akaitazama, akaona imejiunga yenyewe na ile wifi ya mazoezi ya kwaya. Ile ile, yenye jina CONSOLEE. Akabonyeza pale alipozoea kubonyeza. Nyimbo zote zilikuwa pale, zimepangana kama zamani. Hakufungua hata moja. Alizima simu, akatafuta pikipiki ya kurudi.

Bati likamponyoka Basile, likalia kwenye mawe.

Mtu hawezi kuelewa kwa nini liliponyoka kama hajui habari ya kile kisanduku. Evariste, mtoto wao wa kwanza, alipokuwa na kazi kwenye duka la mashine Bujumbura, aliwaletea wazazi wake kompyuta moja iliyokwisha kutumika, na pamoja nayo kisanduku cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Alisema hiyo ni diski. Kompyuta inatunza vitu vyake humo bila waya wowote, vinapita hewani tu, na simu ya mtu aliye karibu inaweza kuvisikiliza kutoka humo bila waya vilevile. Ndani kina betri, kwa hiyo umeme ukikatika chenyewe kinaendelea. Kina hata tundu la kuchajia simu.

Basile alisikia la betri na la tundu. Mengine yalimpita pembeni, kwa kuwa siku ile umeme ulikuwa haupo tangu asubuhi, na yeye alikuwa na maneno yake juu ya wale wanaoukata. Maneno hayo yalikuwa marefu. Wakubwa wana mashine zao za mafuta nyuma ya nyumba, watajuaje kwamba Nyamianda ni giza? Evariste alingoja baba yake amalize, akasahau alikuwa amefika wapi.

Aliyesikia yote ni Consolée. Yeye alifika darasa la sita; Basile aliishia la pili, akaenda kubeba mizigo bandarini Kalundu mpaka mgongo ukakataa. Consolée alikuwa anatunga nyimbo. Si nyimbo za Misa peke yake. Zile za kilio ndizo watu walimjua nazo, zile mama wanazoimba wakikaa na wafiwa, kila msiba na wimbo wake, jina la marehemu limetiwa ndani mahali pake. Na mama wengi wa kwaya hawasomi. Zamani aliwafundisha kwa mdomo, mstari kwa mstari, mpaka koo linakauka. Kisanduku kilipofika, alianza kuimba mbele ya kompyuta akiwa peke yake chumbani. Jumatano mama walikuja wakakaa uani, kila mmoja na simu yake sikioni, na kila mmoja akarudia sehemu yake mara atakazo. Consolée aliwatia neno la siri mwenyewe, simu moja baada ya nyingine, huku amewageuzia mgongo. Hakumwambia mtu. Alisema wakilijua wao, kesho watoto wao watalijua, na keshokutwa nyimbo za kilio zitakuwa zinachezwa kwenye baa.

Basile akirudi na mgongo wake aliwakuta wale mama wamekaa kimya, midomo inatembea, kila mmoja na wimbo wake ambao yeye haujui umetoka wapi. Aliwapita, akaingia ndani, akaanza habari za bandari.

Halafu ukaja mwaka ambao mto ulitoka mahali pake. Watu wa nyumba za chini walikuwa wameomba ukuta wa mawe tangu zamani. Wakubwa walikuja, wakapima, wakapigwa picha wakiwa na kofia za plastiki, wakaenda. Maji yaliingia mchana watu wakiwa wanakula. Kompyuta ilikuwa kwenye meza fupi, ikajaa tope mpaka ndani. Kisanduku kilikuwa juu ya kabati, kinachaji simu.

Siku ile Consolée alisimama katikati ya tope, sketi ameipandisha magotini, akasema, “Nyimbo ziko.” Basile alidhani ni maneno ya imani, yale ambayo mapadri wanawafundisha wanawake ili wasilalamike. Akamjibu kwa maneno ya ule ukuta. Akamjibu sana. Consolée hakurudia.

Hakukaa mwezi mzima akaanguka na tansiyo, ule ugonjwa wa shinikizo la damu. Pikipiki iliyombeba ilifika kwenye daraja, na daraja lilikuwa limekatika tangu mvua za mwaka mmoja kabla ya mafuriko, na mbao zilizoletwa kulitengeneza zilikuwa zimekwisha kupata wenyewe. Wakamzungusha kwa njia ya juu. Njia ya juu ni ndefu. Basile alikuwa nyuma yake, amemkumbatia ili asidondoke, na alijua kabla ya yule dereva kwamba hawaendi tena kwa daktari.

Tangu hapo Basile hakuwa na adabu kwa mtu yeyote mwenye muhuri.

Siku ya kuondoa kilio, ndugu za mke walishuka kutoka Lubarika. Mkeka ukatandikwa, vitu vya marehemu vikawekwa juu yake, na mume akagawa kwa mkono wake, kama inavyofanywa. Vitenge huyu, sufuria yule, sare ya kwaya kwa binti wa kaka. Mwishoni kilibaki kile kisanduku, kitaa chake kimezimika tangu siku ya maji. Basile alikitazama. Kitu hakijafungwa kwa kamba yoyote, hakijashikamana na mashine yoyote, kinaweza kubeba nini zaidi ya betri yake? Mashine yenye nyimbo ilikwisha kufa kwenye tope, hilo kila mtu alilijua. Hata mama wa kwaya waliolia juu ya mashine ile hawakugeuza shingo kutazama kisanduku. Akakiweka mkononi mwa Ninahazwe.

“Shemeki, chukua. Kwenu hata nguzo ya umeme mulikuwa hamujaiona. Angalau weye utachaji telefone.”

Watu walicheka kidogo, kile kicheko cha siku ya kuondoa kilio, ambacho kinaruhusiwa.

Basi ndivyo Basile alivyotoa sauti ya mke wake kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu wote. Na kitu kilichotolewa kwenye mkeka ule hakiombwi. Si sheria ya wakubwa, ni ya kwao, na kwa sababu hiyo inashikwa. Anayekiomba amesema kwamba kilio hakikuondoka. Amemwita marehemu arudi uani. Na ndugu waliokula pamoja naye siku ile hawatakula naye tena.

“Iko nyingine,” Félicité akasema. Sasa alikuwa ametua mfuko. Akamweleza kwamba Toussaint, mtoto wa Ninahazwe, ndiye anayekitumia kisanduku. Ana bamba la jua juu ya paa, anachajia majirani simu. Lakini ameona kwamba kila simu inaonyesha lile jina, na kila simu inaulizwa neno la siri ambalo hakuna anayelijua. Fundi mmoja wa Luvungi amemwambia hiyo si betri tu, ni ghala, na imefungwa. Jumamosi atampelekea, fundi aisafishe yote ibaki tupu, halafu Toussaint atie filamu na mipira, watu waje kutazama.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Basile alisimama, akakaa. Alisema hao watu wa uwanda hawana akili, na kwamba kama wangeletewa umeme kama watu wengine hakuna ambaye angetafuta betri kwenye vitu vya marehemu. Alisema atakwenda kwa shefu wa kata amwandikie. Kisha akakumbuka jinsi anavyomjua shefu wa kata, akatema mate.

“Weye usimuombe,” Félicité akasema. “Ukimuomba shemeki yako ile kitu, umemupoteza na yeye.”

“Sasa nifanye nini?”

“Twende. Hata kusalimia tu. Telefone yangu inajua mulango.”

Yeye Basile alikuwa na simu ya vitufe, ile ya tochi. Hakuna mlango wowote iliyoujua.

Asubuhi waliondoka na Pitchou, jirani mwenye pikipiki, Félicité katikati na Basile nyuma kabisa, ameshika chuma. Njia ya uwanda haikuwa njia. Walipopita Kiliba alisema habari ya lami. Walipopita Sange alisema habari ya vizuizi, ambapo askari alimwita mzee kwa sauti ya mtu anayetaka kitu. Baadaye Pitchou alisema, bila kugeuka, kwamba amebeba mbuzi mpaka Luvungi hawakumchosha hivi. Félicité akacheka kwenye mgongo wake. Basile alinyamaza mpaka Lubarika, lakini ni kunyamaza kwa hasira.

Ninahazwe alikuwa anatandaza mpunga juani. Alikuwa na mabega ya Consolée. Hilo Basile alikuwa amelisahau, likamkuta amesimama mlangoni pa uzio. Walipewa viti. Wakaletewa maji, kisha ugali wa muhogo na dagaa, na wakaongea habari za mvua, za mpunga, za padri mpya. Hakuna aliyetaja kitu. Kisanduku kilikuwa pale, kwenye kivuli cha ukuta, juu ya tofali, kitaa chake cha bluu kinawaka na kuzima, na waya mweupe wa simu ya mtu umechomekwa ubavuni. Basile alikula huku macho yake hayatoki pale.

Toussaint alirudi kutoka shambani, mwanaume mkubwa, ana watoto wake. Aliwaona wageni, aliona macho ya Basile yalipo, akaelewa mara moja. Alimsalimia kwa heshima yote, baba mdogo huku, baba mdogo kule, kisha akasema, kama mtu anayeongea na mpunga, kwamba siku hizi kuna watu wanatoa kwa mkono mmoja na kutaka kwa mwingine.

“Hakuna mutu amesema kitu,” Basile akajibu.

“Nayo ni vizuri. Kwa sababu sisi wote tulikuwa pale ku mukeka.”

“Weye unajua nini iko mule ndani? Unataka kuharibu kitu haujui. Uko sawa tu na bakubwa.”

“Mule ndani iko betri na makelele ya fundi. Na jina ya mama mudogo, Mungu amulaze. Minye kila siku naamuka naona jina yake ku telefone za batu. Unafikiri inanifurahisha?”

Hilo Basile hakulitegemea. Alifungua mdomo na neno lilikuwa limekwisha kufika kwenye meno, lile neno moja, rudisha. Félicité aliliona. Alitoa simu yake, akabonyeza mara mbili, akaiweka juu ya mkeka katikati ya punje za mpunga.

Kwanza ilikuja sauti ya kiti kinaburutwa. Mtu akakohoa kidogo, akasafisha koo. Kisha Consolée akaanza kuimba, peke yake, bila ngoma, ule wimbo wa kumsindikiza mama aliyeacha watoto. Mahali pa kutia jina aliacha nafasi, akavuta pumzi, akaendelea.

Ninahazwe alikuwa ameinama juu ya mpunga wake, mikono imetanda. Hakuinuka. Punje alizokuwa ameshika zilianguka pole pole kati ya vidole mpaka zikaisha, na mikono ikabaki vile vile. Toussaint alivua kofia. Jirani aliyekuwa anakuja kuchukua simu yake alisimama kwenye uzio na hakuingia.

Wimbo haukufika mwisho. Simu ya Félicité ilikuwa imechoka na safari, ikajizima yenyewe.

Kitaa cha bluu kiliwaka na kuzima. Ninahazwe alijifuta uso kwa nyuma ya mkono, vumbi la mpunga likabaki shavuni, akageuka kwa Basile na kumtazama sawasawa, kama hakimu, kama dada.

“Shemeki. Niambie mbele ya huyu mama na mbele ya mutoto wangu. Umekuja kukiomba?”

Yote yalikuwa hapo. Akisema ndiyo, angempa. Basile aliliona hilo usoni mwake. Angekwenda pale kwenye tofali, angechomoa ule waya, angemwekea mkononi, na pikipiki ingemrudisha Nyamianda na Consolée mfukoni. Na hakuna mtu wa nyumba hii ambaye angemwita shemeki tena, na siku yake yeye ikifika hakuna atakayeshuka kutoka uwandani kukaa kwenye mkeka wake. Alitafuta mtu wa kumlaumu. Aliwapitia wote, wale wa umeme, wale wa ukuta, wale wa mbao za daraja. Walikuwa na makosa yao, makubwa, na hakuna aliyeyafuta. Lakini mkono uliotoa kisanduku haukuwa na muhuri. Ulikuwa huu hapa, juu ya goti, una harufu ya dagaa.

“Hapana,” akasema. “Nilikitoa. Kikae. Minye nilikuja kusikiliza tu.”

Ninahazwe aliitikia kwa kichwa mara moja. Akamwambia Toussaint kwamba Luvungi hakuna atakayekwenda. Toussaint alianza habari ya watu aliowaahidi mpira, na bamba la jua ni la nani, na yeye atakula nini. Mama yake alimwacha aseme yote, kisha akamwambia kwamba majirani wataendelea kuchaji kama kawaida, tundu halijafa, na mpira watautazama kwa anayeuonyesha. Toussaint alirudisha kofia kichwani akaenda nyuma ya nyumba. Huko wakamsikia anapasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa.

“Na bale mama bengine?” Ninahazwe akamwuliza Félicité. “Telefone zao nazo zinajua mulango?”

“Zote. Yeye mwenyewe ndiye alizifungulia.”

“Basi bakuje. Mazoezi bafanyie hapa. Minye pia sijui nyimbo zake, na ni mudogo wangu.”

Walikuja Jumapili baada ya Misa ya kwanza, kwenye lori la mchele lililokuwa linapanda tupu, mama wa kwaya wamekaa kwenye magunia matupu na sare zao, na Basile kati yao kwa kuwa Félicité alikwenda kumtoa nyumbani. Njiani waliimba. Kwenye kizuizi askari aliuliza wanakwenda kwenye kilio cha nani, na Laurette, mdogo kuliko wote katika kwaya na mwenye ulimi, alimjibu kwamba wanakwenda kumtembelea kiongozi wao, amehama. Askari alifungua kamba bila kutaka kitu.

Uani kwa Ninahazwe walikaa chini kama walivyokuwa wakikaa Nyamianda, miguu imenyooshwa, kila mmoja na simu mapajani. Simu zikaita, moja moja, kila moja ilipokutana na jina. Wengine waliguna. Mmoja alijifunika uso na kitenge. Félicité alisema waanze na ule wa mama aliyeacha watoto, ambao ulikatika siku ile, na wasiweke masikioni, waache sauti itoke, ili wenye nyumba nao wasikie.

Wakabonyeza. Lakini vidole vya watu haviendi pamoja, na simu nyingine ni nzito, kwa hiyo Consolée alianza hapa, akaanza pale, akaanza tena kule karibu na jiko. Kiti kikaburutwa, kikaburutwa. Akakohoa mara nyingi. Sauti yake ikajaa uani ikifuatana yenyewe, kama watu wanaopita njia moja nyembamba, na Basile, ambaye hakuwa na simu ya kushika, alikaa katikati na mikono mitupu, ikampata kutoka kila upande.

Ilifika mahali pa jina. Akaacha nafasi. Akaendelea, akapanda mstari wa juu, ule mgumu, na hapo mlango ukagonga ukuta. Si mlango wa Ninahazwe. Mlango wa Nyamianda, ule wa mbao mbichi, uliokwenda na maji. Wimbo ukasimama. Ikaingia sauti ya mwanaume, nene, imechoka, inatoka mbali na kukaribia: wale wa bandari wametufanya nini leo, unajua, wametusimamisha juani mpaka saa nane, na kule kwenye daraja, umeona daraja, mbao zimelala pale, watu wenye magari yao wanapita wanaangalia, na umeme uko wapi, hata leo hakuna umeme, hao watu…

Mama wa kwaya walitazama chini. Laurette aliuma mdomo kuzuia kicheko. Toussaint, aliyekuwa ameegemea mlango wa nyuma na shoka, aligeuka kumtazama mwenye sauti ile. Na sauti haikuisha upesi. Simu moja ilipofika kwenye umeme, nyingine ilikuwa bado kwenye daraja, na nyingine ndiyo kwanza inafungua mlango, hata Basile alijisikia anaongea na watu wengi kwa pamoja na hakuna anayemjibu. Chini ya maneno hayo, ukisikiliza vizuri, kulikuwa na mtu anayepumua. Alikuwa karibu kabisa na mashine. Hakuwa anasema kitu. Alikuwa na mstari wake wa juu mdomoni, ameushika, anangoja.

Sauti ya mwanaume ikafika mwisho wake.

“Umemaliza, Papa Evariste?” Consolée akauliza.

Hakuuliza kwa ubaya. Ilitoka kwenye simu ya Félicité. Kisha ikatoka kwenye simu ya mama aliyejifunika kitenge. Umemaliza, Papa Evariste? Ikatoka karibu na jiko. Ikatoka kwa Laurette, ambaye hakuwa anacheka tena. Kila simu ilifika pale kwa wakati wake, na kila moja ilimwuliza, na nyuma ya kila swali kulikuwa na kile kimya kidogo cha mtu anayengoja kweli.

Basile alikuwa na neno juu ya barabara waliyokuja nayo asubuhi ile. Alikuwa nalo tayari, na lilikuwa neno la haki. Alimwangalia Ninahazwe, mabega yake yale. Aliangalia kisanduku juu ya tofali.

“Nimemaliza,” akasema.

Ya mwisho ilikuwa simu ya mama mmoja mzee aliyekaa mbali, kwenye uzio. Iliuliza, ikanyamaza, na Consolée akavuta pumzi, akauchukua mstari wa juu pale alipouachia. Mama wakaingia pamoja naye.